Bado ya Mzee Lyimo

Ilianza Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, Desemba ya 1997, siku ya kwanza ya likizo ndefu. Saa hiyo ninayo kwenye daftari langu kwa sababu nilisimama nje ya duka dakika ishirini nzima nikiogopa kuingia, na mtu mwoga huangalia saa sana. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilivaa sketi ya shule maana baba alisema ndiyo nguo yangu pekee inayofanana na ajira. Ijumaa iliyopita niliiacha kazi ile ile, nina miaka kumi na saba, kwa amri ya baba yule yule: mwaka wa matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, hakuna cha fomu wala cha picha, ni vitabu tu.

Kwa hiyo Neema na wewe Zuhura, mnaponiita "bibi mstaafu" na kunicheka jikoni, nawasikia. Chekeni. Lakini Jumatatu ijayo mmoja wenu atakaa asubuhi kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, mwingine atakaa mchana, na hakuna atakayewaambia haya ninayoyaandika. Maman Espérance, mwenye duka, hafundishi. Anapiga kelele, wewe unaokota.

Neema, najua ni mama yako. Nasema ukweli tu.

Duka mnalijua kwa nje. Liko katikati ya Durban, kwenye ule ujia unaotokea Grey Street, kinyozi upande huu, muuza tiketi za ndege upande ule. Ndani kuna mashine ya fotokopi, faksi, taipureta, kamera ya picha za papo hapo, na taulo jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Taulo ndilo studio. Siku ile ya kwanza Maman alikuwa ameinamia fotokopi, mkono wote uko ndani ya mashine, hakugeuka.

"Unajua Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Unajua kunyamaza?"

Nikanyamaza.

"Sawa. Kaa apa."

Hiyo ndiyo ilikuwa intavyuu. Naamini hadi leo kwamba mimi ndiye mtu pekee katika mji huu aliyepata kazi kwa sababu ya aibu yake.

Sasa kazi yenyewe. Yule jirani wa tiketi alikuwa amegundua kwamba watu wa Durban wenye nafasi wamechoka na bahari wanayoiona kila siku, wanataka theluji. Akaanza kuuza safari za Nepal. Kila aliyenunua tiketi kwake aliambiwa: pita duka la pili, wale wanawake watakushughulikia karatasi. Wale wanawake ni Maman na mimi. Katika miaka miwili nimejaza fomu za Himalaya nyingi kuliko idadi ya mara nilizonyanyua mkono darasani, na mlima wenyewe sijauona hata kwenye kalenda nzuri.

Nepal, niwaambie, haina makuu. Unashuka kwenye ndege Kathmandu, unatoa pasipoti, fomu, picha na dola, wanakugongea viza palepale. Basi. Mtaniuliza, kwa nini basi watu walituhitaji? Kwa sababu mtalii akiambiwa jambo ni rahisi, hapati usingizi. Ataenda kumtafuta mtu wa kumwambia ni gumu. Sisi tulikuwa hao watu. Maman alikuwa akipokea pasipoti ya mteja, anaifungua, anavuta pumzi, anatikisa kichwa kama daktari aliyeona kitu kwenye mapafu, halafu anasema, "Tutaangalia." Mteja anatoka pale ana furaha kabisa.

Lakini kuna mambo manne ambayo ni magumu kweli, na hayo msiyachezee.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Mbele ya nini? Hapo ndipo wanapoanguka. Wao huhesabu tangu leo, wewe hesabu tangu wanapofika kule. Wiki yangu ya pili nilimpitisha mama mmoja wa Umhlanga ambaye pasipoti yake ingekufa yeye akiwa bado juu mlimani. Maman aliiona wakati mama anafunga mkoba. Aliniangalia tu. Maman akikuangalia tu bila kelele, wadogo zangu, tafuteni pa kujificha.

Pili, ndege nyingi zinapitia India, na India nayo ni nchi, inataka viza yake. Ukipita kwenda na ukipita kurudi umeingia mara mbili, kwa hiyo fomu inauliza kama unaomba single au double. Mzee mmoja kutoka Isipingo, mfiwa, alinikasirikia sana. "Mimi si single," alisema, "mke wangu amekufa Machi." Nilimpa pole, nikamwandikia double. Alitoka amefarijika.

Tatu, viza inakuruhusu kuingia Nepal, haikuruhusu kutembea milimani. Kutembea kuna kibali chake, kinatolewa kulekule Kathmandu, kina picha zake mbili. Kijana mmoja aliponisikia nikieleza hayo aliuliza, kibali cha kukaa chini kinatolewa ofisi gani. Nilitamani kucheka, nikaogopa. Mwaka huu nimesikia wameanza kuviondoa hivyo vibali, kwa hiyo ulizeni kabla hamjamtisha mtu.

Na ndiyo maana ya jambo la nne: picha. Fomu ikitaka mbili, ninyi pigeni sita. Masikio yaonekane, kofia itoke, miwani ya jua itoke, tabasamu litoke pia. Watalii hawajui kutotabasamu. Waambieni wafikirie kodi.

Bhutan nayo ipo, karibu na Nepal, ila ile haiingiwi hivi hivi. Lazima safari nzima uilipie kwanza kwa kampuni inayotambulika, kila siku yako kule ina bei yake iliyopangwa na serikali yao, na viza inatoka baada ya hapo. Wengi waliokuja kuuliza Bhutan walikuja na neno "nafuu" mdomoni. Maman aliwapa kiti. Wakishasikia, aliwapa maji.

Halafu kuna mstari wa "madhumuni ya safari". Msichana mmoja mwenye bangili hadi kwenye kiwiko alisema niandike anakwenda kujitafuta. Nikaandika hivyo hivyo. Maman akavuta karatasi kutoka kwenye taipureta.

"Andika touriste. Kama alipotea, aende ku polisi."

Bwana mwingine aliuliza kama mlima hufungwa Jumapili.

Basi, hao ndio walikuwa watu wangu. Nilijifunza kuwadharau kimyakimya, kichwa chini, kwa adabu. Nakiri. Nilikuwa nikirudi nyumbani naandika kwenye daftari maneno yao yote, na nilijiona mtu mwenye akili sana. Katika hali hiyo ndipo alipoingia Mzee Lyimo.

Ilikuwa Jumamosi, Septemba ya 1998. Mtu wa Moshi, miaka hamsini na kitu, mfupi, shingo nene kama gogo. Alikuwa akikaa Cato Manor na kufanya kazi chumba cha nyuma cha duka moja la vifaa vya kupandia milima, anashona mahema na mabegi yaliyochanika. Kabla ya kuja huku, miaka kumi na minne alikuwa mgumu. Wagumu ndivyo wanavyowaita kule Kilimanjaro wale wanaowabebea watalii mizigo, mahema, majiko, viti, hata choo cha kukunja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nataka viza ya Nepal."

Nikatazama nyuma yake kumtafuta mtalii.

Hilo ndilo nililolifanya, na sitalipamba. Nyuma yake palikuwa na kinyozi tu, anafagia nywele.

"Ni ya nani, mzee?"

"Yangu."

Maman akatoa kichwa nyuma ya fotokopi. "Papa, kule iko kazi?"

"Hakuna kazi. Nakwenda kutalii."

Maman akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha mabega, anapiga kaunta kwa kiganja. "Aka! Papa! Mutu wa mulima anaacha mulima yake, anaenda kutazama mulima ya wenzake!"

Mzee Lyimo alimngoja amalize. Halafu akaeleza, taratibu, kama mtu anayekunja hema. Kuna klabu ya watembea milima, watu sita, wateja wa pale dukani kwake, wanakwenda Oktoba. Walikuwa wakimsikiliza hadithi zake tangu zamani, wakamwambia awe wa saba. Alichanga sawa na wao, kila kitu kwa fedha yake.

"Kibo nimepanda hata idadi siijui," alisema, "na Kibo chenyewe sijakiona. Ukibeba unaona visigino vya mtu wa mbele. Miaka kumi na minne, visigino. Nataka mara moja nipande mlima shingo imenyooka. Begi langu liwe kwa mtu mwingine. Asubuhi niletewe chai hemani. Mara moja tu. Magoti haya mwakani hayakubali tena, nayajua."

Maman hakucheka tena. Alichukua kitambaa akafuta kaunta mahali ambapo palikuwa pasafi.

"Mutoto," akaniambia, "mujazie Papa muzuri. Muzuri kabisa."

Na hapa niseme kitu kuhusu pasipoti. Wale sita walikuwa na za Afrika Kusini. Walikuja Jumatano moja wote pamoja, wanatafuna karanga, nikawamaliza wote kabla karanga hazijaisha. Mzee Lyimo alikuwa na ya Tanzania, na kwa pasipoti hiyo kulikuwa na mambo mengine. Kwanza kibali chake cha kufanya kazi hapa, maana ukitoka bila kuhakikisha kitakuwa hai siku ya kurudi, utatalii milele. Halafu kadi ya njano. Ukiwa na pasipoti ya nchi zetu, India inataka kuona chanjo ya homa ya manjano, na chanjo haihesabiki hadi zipite siku kumi. Kadi yake ilikuwa imekwisha zamani. Tulimpeleka akachomwa, tukahesabu siku kumi, mimi kwa kalenda, yeye kwa vidole. Tiketi, barua ya klabu, barua ya mwajiri, picha sita. Kila kitu kikakaa. Nilijivunia hilo.

Ikabaki fomu ya India. Nilimsomea maswali kwa Kiswahili, yeye akajibu, mimi nikachapa. Ninyi wawili, sikilizeni hapa.

"Umewahi kufika India?"

"Bado."

Nikachapa: Not yet.

"Umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote?"

"Bado, binti. Sijaomba."

Not yet.

"Umewahi kufukuzwa katika nchi yoyote?"

"Bado."

"Umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai?"

"Bado. Mungu ananiangalia."

"Umewahi kutumia jina jingine?"

"Bado."

Not yet, not yet, not yet. Katika yote matano, moja tu lilikuwa sawa kwa Kiingereza. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza! Nilisoma fomu nzima mara mbili kutafuta makosa ya herufi. Sikuliona, kwa sababu sikuwa nasoma Kiingereza, nilikuwa nasikia sauti yake. Mtu wa umri wa Mzee Lyimo hawezi kukujibu "hapana" kavu, kana kwamba amekwisha kuyamaliza maisha. Anasema bado, kwa adabu, anaacha nafasi kwa Mwenyezi Mungu. Nafasi hiyo nikaijaza mimi kwa taipureta.

Barua ilikuja kwa faksi kutoka ubalozi mdogo wa India, Jumatano jioni, saa kumi na moja. Ndege ilikuwa Jumamosi. Mwombaji afike kesho asubuhi, pamoja na mtu aliyemsaidia kujaza fomu, kufafanua majibu yake. Chini yake walikuwa wameambatisha ule ukurasa, na mtu alikuwa amepiga mstari chini ya kila "Not yet", kwa rula.

Maman aliusoma, midomo inatembea. Alifika katikati.

"Kufukuzwa, not yet? Not yet, mutoto? Papa atafukuzwa siku gani sasa, ulisha kumupangia? Kufungwa, not yet? Uliandikia polisi invitation?"

Nilikuwa nimeshika kitako cha kiti.

Mzee Lyimo alikuja akitoka kazini, uzi wa kushonea bado umening'inia kwenye sweta. Alimsikiliza Maman. Halafu akanigeukia, na hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Kwani nimejibu vibaya, binti?"

"Hapana, mzee. Umejibu vizuri. Mimi ndiye niliyekuandika vibaya."

"Basi utawaambia hivyo."

"Mimi?" Nikamwangalia Maman.

"Usiniangalie. Kiingereza yangu ni ya kuuzia fotokopi. Ile yako ndio ilileta shida, ipeleke."

Mnanijua. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akiita majina asubuhi, napenda kuandikwa sipo kuliko kuitika. Kwenye taxi, yaani daladala za huku, nikipita kituo changu, nanyamaza, nashuka kituo kinachofuata, narudi kwa miguu. Usiku ule niliandika kwenye daftari mstari mmoja tu: "Nikifungua mdomo nitalia, nikinyamaza atabaki."

Alhamisi tulifika ubalozini kabla milango haijafunguliwa. Mzee alikuwa amevaa suti. Sijui aliitoa wapi, mabega yalikuwa hayaingii. Tuliitwa dirisha la mwisho. Bwana aliyekuwa nyuma ya kioo alikuwa mwembamba, ana miwani inayoning'inia kwa uzi, na mbele yake ile fomu yetu.

"Nani alichapa hii?"

"Mimi, bwana," nilisema. Kwa sauti ambayo hata kioo hakikuisikia.

"Nani?"

"Mimi!" Watu kwenye benchi wakageuka.

"Inasema hapa bwana huyu bado hajafukuzwa katika nchi yoyote. Anategemea lini?"

Nikaanza kueleza. Sikumbuki nilianzia wapi, nadhani nilianzia kwa bibi yangu Kigoma. Nilimwambia kwamba kwetu kuna neno moja linalofanya kazi ya maneno mawili ya Kiingereza, na lile linalohusika ni "no", tena "no" yenye heshima. Nilimwambia ukimuuliza mtu mzima wa kwetu kama ameugua mwaka huu, atakuambia bado, na hana mpango wowote wa kuugua. Alinisikiliza kalamu ikiwa hewani.

"Wewe umeolewa?"

"Not yet, bwana."

"Hiyo ni sahihi. Umewahi kuiba?"

"Not... no! No, bwana. Hapana!"

Akaweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, na nikaona kwamba mabega yanamcheza. Akamwita mwenzake wa dirisha la pili, akamwonyesha ukurasa, wakanong'ona kwa lugha yao, na yule wa pili ikabidi ageukie ukutani. Mzee Lyimo alikuwa amesimama wima kama mlingoti, ndani ya suti yake, haelewi kama anachekwa au anasalimika.

"Wanasemaje?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Wanacheka, mzee."

"Ni nzuri hiyo?"

"Nadhani."

Yule bwana akarudi kwenye sura yake ya kazi. Tulete fomu mpya, safi, kabla ya saa sita, na picha mpya maana zile zimegandishwa kwenye hii. Akiikuta imekaa sawa, pasipoti itakuwa tayari kesho. Baada ya saa sita dirisha linafungwa, na hapo yeye hana uwezo.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nilijaza palepale kwenye benchi, kwa mkono, herufi kubwa, fomu iko juu ya goti. Mzee alitoa bahasha kwenye mfuko wa ndani: picha mbili, kati ya zilizobaki kwenye zile sita. Mnaona sasa? Na kila nilipofika penye "umewahi", nilimnong'oneza, "Mzee, sema hapana." Alikuwa akitazama juu kwanza, kama anayeomba ruhusa, halafu anasema, "Hapana," anaguna. La kosa la jinai alikataa kabisa kulisema. "Andika wewe," alisema. Nikaandika.

Ijumaa pasipoti ilitoka ina viza, double. Jumamosi akaruka. Maman alinunua keki, akasema ni kwa sababu ya siku ya kuzaliwa ya mtu fulani, hakusema nani.

Alirudi Novemba. Ilikuwa Ijumaa mchana, ndio kwanza nimetoka shule. Aliingia na kofia ya sufu yenye masikio, fimbo ya chuma ya kutembelea, midomo imebabuka kwa jua na baridi, bahasha nene ya picha mkononi. Maman alimpa kiti na soda. Kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu, akaja kusikiliza mlangoni.

Alisema pale uwanjani Kathmandu hawakumuuliza kitu. Waliangalia picha, wakamwangalia, wakagonga. Wale sita hawakuwa na kalamu, akawaazima ya kwake. Alisema ule mlima si mlima, ni ukuta wa Mungu. Alisema aliuangalia mpaka shingo ikamuuma, na akafurahia maumivu hayo.

"Na begi?" Maman aliuliza.

"Lilibebwa!" Akacheka. "Siku ya kwanza iliniuma, Mama. Nilitembea nyuma ya yule mtu nikiangalia kamba yake, alikuwa amefunga vibaya, nikajizuia. Siku ya pili nikapita mbele. Siku ya tatu nikamwambia aharakishe, maana sweta langu lilikuwa kwake na baridi inanila. Siku ya tano chai ikaja hemani imepoa. Nikairudisha."

"Uliirudisha!" Maman alishika fotokopi asianguke. "Papa alikuwa muzungu! Jamani, tulimujazia fomu ya utalii, kumbe ilimuingia mu damu!"

Kinyozi alicheka, Mzee alicheka, akagonga fimbo sakafuni. Mimi nilicheka pia. Halafu nikauliza, kwa sababu tangu siku ile ya dirishani ulimi wangu mara nyingine hutoka bila ruhusa yangu:

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nani?"

"Aliyekubebea."

Sikuuliza kwa ubaya. Nilikuwa nataka kuandika kwenye daftari, mimi hupenda majina. Mzee Lyimo alitazama picha alizokuwa amezitandaza kaunta nzima.

"Walikuwa wengi," alisema.

"Siku ngapi alikubebea, mzee?"

"Kumi na sita."

Maman alinikata jicho. Kinyozi akakumbuka kile kichwa alichokiacha nusu. Mzee alikusanya picha zake kaunta nzima, moja moja, akazilinganisha kingo kama karata, akazirudisha kwenye bahasha. Alisema amechoka na safari. Soda aliiacha imefika nusu.

"Na wewe," Maman aliniambia alipotoka, "nilikuuliza siku ile kama unajua kunyamaza."

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, nilimkuta amesimama nje ya duka, Maman hajafika. Hakuwa na ile kofia wala fimbo. Alikuwa na bahasha tu. Nilifungua, nikawasha taa, nikafunua taipureta. Alisema anataka barua kwa Kiingereza, kwenda kwa ile kampuni ya Kathmandu iliyowaongoza, kuuliza jina la mtu. Nilichapa jina la klabu, na mwezi, na kwamba kundi lilikuwa la watu saba, na kwamba begi lilikuwa la bluu lenye kiraka kijani alichokishona mwenyewe. Nilimuuliza kama nieleze kwa nini tunauliza. Alisema hapana.

Nikamwambia barua pekee haitoshi, wanahitaji kumwona mbebaji mwenyewe, tuambatanishe picha. Akatoa moja. Yeye yuko mbele na fimbo yake, shingo imenyooka, nyuma yake wamejipanga wanaume kumi na mmoja na vikapu vyao, wote wamefunga kamba za kubebea mizigo kwenye paji la uso. Nilimpa kalamu nyekundu, nikamwomba amzungushie duara. Aliisogeza picha karibu na macho, halafu mbali, halafu karibu, kalamu iko juu ya karatasi haishuki. Mlangoni alikuwa ameshaingia mama mmoja na pasipoti mkononi, nikamwita, nikamwonyesha taulo, nikamwambia avue kofia.